Ndugu Mhariri, Edward siyo jina la kwenye Biblia, na mimi siyo watu watatu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwenye gazeti lako, najua barua ni nyingi na ukurasa ni mmoja, ila hili nikiendelea kukaa nalo ntapasuka. Wiki kadhaa zilizopita msomaji mwenzangu aliandika hapahapa kwamba sisi tunaoitwa Edward, Robert, William na Richard tulipewa majina ya kwenye Biblia na wamisionari, kwaiyo anayetaka kuliacha jina basi ajiandae kuacha na dini. Mi naitwa Edward. Nimeishi na hilo jina miaka arobaini na kitu, limenisumbua maofisini kuliko madeni yanavyonisumbua mtaani, nadhani nina haki ya kusema neno.

Kwanza kaka yangu uliyeandika ile barua, chukua Biblia yako uanze Mwanzo uende mpaka Ufunuo, Edward humkuti. Utamkuta Yusufu, Yohana, Danieli, mpaka Nebukadneza yumo, lakini Edward aliyevua samaki Galilaya hayupo na Edward aliyeandikiwa waraka na Paulo hayupo. Hao wengine uliowataja nao hawamo. Sasa jina la Biblia limekuaje?

Mimi lenyewe nimelipata hivi. Nimezaliwa Morogoro mwezi wa tano 1984, na watu wazima wanakumbuka mwezi wa nne kilitokea nini, tarehe 12 Aprili Waziri Mkuu Edward Moringe Sokoine alikuwa anatoka Dodoma anakwenda Dar, akapata ajali Dakawa, yaani hapa jirani kabisa, akafariki. Mama alikuwa na mimba yangu kubwa, alinisimulia jinsi mtaa ulivyokaa kimya, na mzee akasema mtoto akiwa wa kiume anaitwa Edward, hakuna kikao. Bibi mzaa baba alitaka nipewe jina la babu, akaambiwa hilo litakuwa la nyumbani. Tarehe 1 Julai mwaka huohuo kitivo cha kilimo cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kilichokuwa hapa Morogoro, kikawa chuo kikuu chenyewe kikapewa jina la Sokoine, ndo SUA hiyo. Kwaiyo kichwani mwangu Edward lilikuwa jina la Mmasai wa Monduli, mfalme wa Uingereza sijamuwaza hata siku moja, mpaka alipokuja yule mzungu wa kebo ya klachi.

Nina duka la spea za pikipiki na bajaji Kihonda. Siku hiyo akaja kijana wa Kiingereza, mtafiti, pikipiki yake imechakaa balaa, wenzake wanamwita Ned. Akachukua kebo na digadi ya mbele, akalipa kwa simu, meseji ikaingia, nikasoma jina la aliyetuma: Edward fulani fulani. Nikamwambia kaka, hii laini ya nani? Manake utapeli wa siku hizi unaujua. Akacheka akasema ni yangu, Ned ndo Edward. Nikamwambia acha masihara, Edward ni mimi hapa, na hiyo N umeitoa wapi? Akanieleza palepale huku fundi anafunga digadi, na tangu siku hiyo nikapata ugonjwa wa kulichimba hili jina, nasoma usiku mpaka bando linakata.

Jina ni la Wasaksoni, wale watu waliokuwa Uingereza kabla ya kuvamiwa na Wanormani, watu wa Normandy huko Ufaransa, na wao walikuwa wanaliandika Eadweard. Ni maneno mawili yameunganishwa. Ead ni neema, utajiri, mambo kumnyookea mtu. Weard ni mlinzi. Ukilileta kwetu ni kama umwite mtoto Linda-neema. Na ndivyo walivyokuwa wanafanya, wana kikapu cha maneno mazuri mazuri ya vita na utajiri na utukufu, wanachukua hili wanalibandika kwenye lile. Ndo maana Edward ana ndugu kibao: Edmund ni ead na ulinzi, Edwin ni ead na rafiki, Edgar ni ead na mkuki, Edith wa kike ni ead na vita, yaani mama wa watu anaitwa Neema-vita na anakwenda zake sokoni. Hakuna Yesu humo, hakuna Musa. Wasaksoni walikuwa wakijiita kwa mtindo huo toka enzi wanaabudu miungu yao, na walipobatizwa waliendelea na majina yaleyale, hakuna padri aliyewaambia hayo ni ya kishenzi tafuteni mengine. Hapo nilisimama kidogo nikamkumbuka bibi. Jina la babu liliachwa nje ya mlango wa kanisa kwa sababu ni la kienyeji, na lililoingia ndani likamwagiwa maji lilikuwa la kienyeji pia, ila la wenyeji wengine.

Cha ajabu zaidi, yule weard tunaye humu ndani kwenye Kiswahili na hatumjui. Ukienda hospitali ukaambiwa mgonjwa wako yuko wodi namba tatu, hiyo wodi ni yeye, mahali pa kulindwa na kuangaliwa. Stiwadi wa kwenye meli ni yeye, zamani alikuwa mlinzi wa nyumba ya bwana, na ukoo wa wafalme wa Uskoti wa Stuart umetoka kwenye cheo hichohicho. Hata lodi, ile lodi ya Bunge la Uingereza, ilikuwa hlafweard, mlinzi wa mkate! Yaani wale wazee wenye majoho wote asili yao ni mtu wa kuangalia mkate usiibiwe. Halafu neno hilohilo likapita kwa Wafaransa, na Wafaransa wakikutana na W ya watu wa kaskazini walikuwa wanaigeuza G, kwaiyo ward ikawa gard, ikarudi Uingereza kwa mlango wa nyuma, na kwetu ikafika kama gadi. Bodigadi. Na madigadi. Ndo ile W na G inayonisumbua dukani, mteja mmoja anauliza betri ina waranti, mwingine anauliza ina garantii, wote wanauliza kitu kimoja. Mi ninauza madigadi miaka kumi na nne na sikujua kama nauza nusu ya jina langu.

Sasa turudi kwenye swali, kama siyo la Biblia lilifikaje kanisani? Lilifikishwa na wafalme, na hasa mmoja. Kulikuwa na Edward mtoto wa mfalme Alfred, alitawala toka 899 mpaka 924. Kukawa na Edward mwingine, kijana mdogo tu, aliuawa Corfe mwaka 978, wakamwita Mfiadini. Wa tatu ndo mwenyewe, Edward Muungamadini, alitawala toka 1042 akafa tarehe 5 Januari 1066 bila mtoto, wiki moja tu baada ya kanisa lake la Westminster kuwekwa wakfu. Alipokufa bila mrithi kila mtu akasema kiti ni changu, William akavuka bahari na Wanormani wake, vita ikapigwa Hastings, Wasaksoni wakashindwa. Mwaka 1161 Papa Alexander wa Tatu akamtangaza Edward kuwa mtakatifu, na sikukuu yake ni tarehe 13 Oktoba. Basi hapo ndo jina lilipopata paspoti. Mtakatifu akishakuwepo padri wa popote duniani anabatiza.

Lakini utakatifu peke yake usingetosha, na hapa ndo patamu. Baada ya 1066 Wanormani walimwaga majina yao Uingereza kama mvua: William, Robert, Richard, Henry, Hugh. Na unajua watu tulivyo, mwenye nguvu akiitwa William basi ndani ya miaka michache na mkulima anamwita mtoto wake William. Majina ya Wasaksoni yakawa ya kishamba. Edwin, Edgar, Alfred, Harold, yote yakalala usingizi mrefu, mengi yalikuja kuamshwa karne ya 19 watu walipoanza kupenda mambo ya kale. Yaani Waingereza waliyaonea aibu majina ya babu zao wenyewe, hicho kitu tunachodhani ni chetu peke yetu. Edward aliponea chupuchupu kwa sababu yule Muungamadini alikuwa mtoto wa mama Mnormani, Emma, na alikulia uhamishoni Normandy, halafu William mwenyewe alikuwa anadai kwamba Edward ndo alimwahidi ufalme, sasa utamtukanaje mtu ambaye hati yako ya kiwanja ina sahihi yake?

Halafu akaja mfalme Henry wa Tatu, mtu wa ibada sana, akampenda huyo mtakatifu kupita kiasi, mwaka 1245 akaanza kulijenga upya kanisa la Westminster kwa ajili ya kaburi lake, na kabla ya hapo mwaka 1239 alipopata mtoto wa kiume akampa jina Edward. Fikiria, mfalme anaongea Kifaransa, mke wake ametoka Provence, mabwana wote pale ikulu majina yao ni ya Kifaransa, na mtoto wa kwanza anapewa jina la kizee la watu walioshindwa vita. Ni kama leo kiongozi mkubwa pale Masaki ampe mwanae lile jina la babu yangu. Ila mtoto mwenyewe alikua akawa jitu la miraba minne, wakamwita Miguu Mirefu, akawapiga Wawelisi, akawasumbua Waskoti, mwaka 1290 akawafukuza Wayahudi wote Uingereza. Huyu simsifii. Nasema tu kwamba baada yake mwanae akaitwa Edward, na mjukuu Edward, wakapokezana kiti toka 1272 mpaka 1377, miaka 105 mfululizo mfalme ni Edward tu, sasa hapo jina linakufaje?

Na kuna kitu kilinichekesha. Huyo wa 1272 anaitwa Edward wa Kwanza. Wa kwanza vipi wakati wale watatu wa zamani walishapita? Hesabu ilianzia kwa Wanormani, wale Wasaksoni wakabaki na majina ya utani tu, Mkubwa, Mfiadini, Muungamadini. Karani wa kuruka kumbukumbu za watu hakuanza jana.

Waliofuata ntawapitia haraka. Wa Tano alikuwa mtoto, mwaka 1483 aliwekwa kwenye ngome ya London na mdogo wake na hawakuonekana tena. Wa Sita alipewa ufalme ana miaka tisa akafa ana kumi na tano. Wa Saba alibatizwa Albert Edward, nyumbani kwao wanamwita Bertie, mama yake Victoria alipokufa 1901 akasema mimi ntatawala kwa jina la Edward. Wa Nane ndo yule aliyeacha ufalme Desemba 1936 kwa ajili ya mwanamke wa Kimarekani, hakumaliza hata mwaka, na huyo nyumbani hawakumwita Edward, walimwita David. Hapo naomba wasomaji wakumbuke: mfalme anaitwa hivi kwenye hela na vile mezani kwa mama yake, na hakuna aliyemwambia alete kiapo.

Sasa ile N ya Ned. Zamani Mwingereza akitaka kusema wangu mbele ya jina linaloanza na irabu alikuwa anasema mine, siyo my. Mtoto anaitwa kutwa nzima mine Ed, mine Ed njoo ule, mine Ed umeenda wapi, mwisho sikio likakata pasipo, N ikahamia kwa mtoto, ikawa my Ned. Ellen akawa Nell kwa njia hiyohiyo na Ann akawa Nan. Mzungu wangu aliponieleza hivo alidhani sitaelewa, nikamwonyesha ile digadi mkononi mwa fundi. Kwao lile ni neno moja, mad na gadi, kinga ya tope. Sisi tukasikia ma mwanzoni, tukasema aa haya ni mengi, kama matairi na mafuta, kwaiyo moja ni digadi. Tukalikata pasipo kama wao walivyomkata Ned. Alicheka mpaka akakaa kwenye tairi. Na Wawelisi nao walikuwa wakisema ab Edward, mwana wa Edward, B ikagandia kwenye jina ukazaliwa ukoo wa Bedward. Waingereza wenyewe mwana wa Edward wanaongeza S tu mwishoni, Edwards. Hiyo S muiweke akilini, ntairudia.

Ted na Teddy ni Edward pia, kuna Seneta Ted Kennedy wa Marekani alikuwa Edward, na Waziri Mkuu wa Uingereza wa 1970 mpaka 1974 Ted Heath naye Edward. Ila Ted anachangiwa, Theodore naye ni Ted, na yule mdoli wa dubu wa watoto hana uhusiano na sisi, katoka kwa Rais Theodore Roosevelt alipokwenda kuwinda Mississippi 1902 akakataa kumpiga risasi dubu aliyefungwa. Wale vijana wa London wa miaka ya 1950 walioitwa Teddy Boys ndo wetu, walivaa makoti marefu ya mtindo wa enzi za Edward wa Saba. Huku kwetu ukisikia Teddy ujue ni dada. Nina shangazi Teddy. Nikimwambia mimi na yeye ni wajina anadhani nimelewa.

Nje ya Uingereza jina limebadilika nguo kila mpaka. Mfaransa Édouard, Mjerumani Eduard, Mwitaliano Edoardo, Mnorwei Edvard, kuna mchoraji wao Edvard Munch na mtunga muziki Edvard Grieg. Mfini kalifupisha mpaka Eetu. Wahawaii ambao hawana D wala R wakasema Ekewaka, na mimi nikisikia Ekewaka nasikia bibi yangu kabisa, manake yeye mpaka anaingia kaburini aliniita Eduwadi, hawezi kuacha konsonanti mbili zikae pamoja bila mwenyekiti katikati. Waarabu wanaandika Idward, na msomi Mpalestina Edward Said, aliyezaliwa Yerusalemu 1935, alipewa jina hilo kwa ajili ya huyohuyo mwana wa mfalme aliyekuja kuwa Edward wa Nane. Mmoja kaacha ufalme mwaka uliofuata, mwenzie kabaki na jina maisha yote.

Mreno ana mawili. La kale ni Duarte. Edward wa Tatu wa Uingereza alikuwa na mjukuu wa kike, Philippa, akaolewa na mfalme wa Ureno mwaka 1387, mtoto wao akapewa jina la babu mkubwa, na Wareno wakalitafuna likawa Duarte, akawa mfalme toka 1433 mpaka 1438. Jina la mlinzi wa Wasaksoni halina tena hata E mwanzoni! Na hao akina Duarte walifika mpaka kwetu, Duarte Barbosa ni Mreno aliyeandika habari za Kilwa, Mombasa na Malindi mwanzoni mwa karne ya 16. La pili ni Eduardo, na huyo tunamjua vizuri zaidi, Eduardo Mondlane wa FRELIMO, chama kilichoundwa Dar es Salaam 1962, na yeye akauawa hapohapo Dar kwa bomu la kifurushi tarehe 3 Februari 1969. Mimi nilikuwa nasoma Mondlane shuleni na Sokoine shuleni na hakuna mwalimu aliyetuambia hawa ni wajina. Mmoja kalipata kwa njia ya Wareno, mwingine kwa njia ya Waingereza. Na Edward Lowassa naye wa Monduli hukohuko. Kabaka wa Buganda Muteesa wa Pili alikuwa Edward Frederick, ila magazeti ya Uingereza yakaamua kumwita Mfalme Freddie.

Na ziwa je. Pale mpakani mwa Uganda na Kongo kuna Ziwa Edward, Stanley alilipa jina la Bertie kabla hajawa mfalme, wakati huo mama mtu ana Victoria na baba mtu ana Albert, yaani familia moja imegawana maji yetu kama mirathi. Mwaka 1973 likabadilishwa likaitwa Ziwa Idi Amin Dada. Mwaka 1979 Amin akaondoka, na nani alimwondoa mnajua, ziwa likarudi kuwa Edward. Hata ziwa limebadilishwa jina na kurudishiwa na hakuna aliyeliuliza cheti cha darasa la saba.

Manake mwenzenu nimeulizwa. Sasa nasema lililonifanya nishike kalamu. Kadi ya kliniki nesi aliandika Edwad. Cheti cha ubatizo katekista aliandika Eduardi, kwa herufi nzuri sana za wino wa bluu, Mungu amrehemu. Cheti cha shule ni Edward. Nikaenda ofisi moja ya serikali, siitaji, nataka kitambulisho, dada wa dirishani akapanga karatasi zangu mezani kama karata, akaziangalia, akaniangalia, akasema baba hawa ni watu watatu. Nikasema dada yangu ni mimi mmoja. Akasema mfumo unasoma watatu. Nikaanza kumweleza habari za Wasaksoni, ead na weard, nikamwambia hata mfalme wa Ureno jina lake lilianza na D, foleni nyuma ikaanza kuguna, mzee mmoja akasema mwacheni amalize, ila dada akanipa karatasi: nenda ukaape.

Nikaenda kwa wakili, elfu ishirini, nikaapa kwamba Edwad, Eduardi na Edward ni mtu mmoja na ndiye mimi ninayeapa. Wakili mwenyewe alikosea akaandika Eduard bila I, ikabidi tuchape upya, nusura niwe wanne. Nikarudi dirishani, nikaambiwa subiri. Nikasubiri miezi.

Mhariri, mi sidai jina lirudishwe kwa Wasaksoni wala silikatai, nimelizoea, na nikilitaja namkumbuka mzee wangu na Sokoine wake. Mwanangu wa kwanza nimempa lile jina la babu, na padri wa siku hizi hakukunja hata uso. Ninachoomba kwa wahusika ni kitu kidogo, kwenye hiyo mifumo yao wekeni kijisanduku cha majina mengine ya mtu huyohuyo, kwamba anaandikwa pia hivi na hivi. Sisi tulioandikwa na manesi na makatekista na walimu wakuu, kila mmoja na sikio lake, tupo wengi, muulizeni yeyote anayeitwa Elizabeth au Zakaria.

Wiki iliyopita wakanipigia kwamba kitambulisho kimetoka. Nikafunga duka, nikaenda mbio, nikasaini daftari, nikapewa. Picha ni yangu, tarehe ya kuzaliwa ni yangu. Jina: EDWARDS. Ile S niliyowaambia muiweke akilini, ndo hiyo, wamenifanya mwana wa Edward, kwa Kiingereza mimi sasa ni mtoto wangu mwenyewe. Nikamrudishia dada dirishani, akaangalia, akaniangalia, akachukua ile karatasi ya ukaape akanipa nyingine.

Wako,
Edo wa spea
Kihonda, Morogoro